Jiwe Lililopita Siku ya Ijumaa

Kisu chenyewe hakizidi urefu wa kidole changu cha kati. Nilikikuta darini, juma la tatu baada ya kumzika mama, katika jiko lake la zamani ambalo nilikataza lisibomolewe nilipojenga nyumba ya mawe pale Sironga. Kilikuwa kimefungwa kwa kipande cha leso na kuchomekwa kati ya boriti mbili, mahali ambapo moshi wa miaka yote umepaka kila kitu rangi nyeusi inayong'aa. Nilikifungua, nikakisugua kwa kidole gumba, nikakileta puani. Kilinuka moshi na kutu, na chini ya kutu kulikuwa na harufu ya bua bichi la wimbi lililokatwa kabla ya wakati wake. Najua chuma hakiwezi kutunza harufu ya shamba kwa miaka hamsini. Nimesoma vya kutosha kulijua hilo. Lakini pua haijasoma, nayo ilinipeleka moja kwa moja hadi Ijumaa moja nilipokuwa darasa la sita.

Wenzangu wa rika langu mtanielewa nikisema kwamba siku hizo redio ilikuwa mtu. Ilikuwa na kiti chake, kitambaa chake cha kufuma, na saa zake za kusema. Upande wetu wa kilima ilikuwa moja tu, ya Baba Mdogo Nyakundi, ndugu yake marehemu baba. Aliinunua alipokuwa mpishi kwenye mashamba ya chai ya Kericho, akarudi nayo imekaa begani kama mtoto wa kifalme. Betri zake zilikuwa kubwa, na zikianza kuchoka alizianika juani juu ya jiwe, pamoja na maua ya pareto, akimweka mtu wa kufukuza kuku.

Tatizo la redio ile ni kwamba habari zake zilisemwa kwa Kiswahili cha Nairobi, Kiswahili kilichokwenda mbio. Baba Mdogo alijua Kiswahili cha jikoni: leta maji, chumvi imezidi, bwana anakuja. Habari za dunia zilimshinda. Kwa hiyo kila jioni, wazee watano au sita walipoketi uani kwake, niliitwa mimi. Nilisimama kando ya redio, mikono nyuma, nikasikiliza, kisha nikawageuzia habari kwa Ekegusii, lugha yetu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na sidhani kama tangu hapo nimewahi kuwa na cheo kikubwa zaidi, ingawa vyeo nimevipata, tena vingi. Wazee waliniita mkalimani. Walininyamazia nilipofungua kinywa. Msichana gani mwingine wa kilima kile alinyamaziwa na wazee?

Na bado Baba Mdogo alikuwa na msimamo wake kuhusu msichana na shule, ambao hakuuficha. "Huyu amekwisha kusoma," alimwambia mama mbele yangu. "Anasoma barua, anajua redio. Kilichobaki ni nini, awe gavana?" Tangu baba afe, yeye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho katika boma letu, na neno lenyewe lilikuwa tayari: kulikuwa na familia ya rafiki yake Kericho iliyohitaji yaya. Muhula ukiisha, niende. Mama hakumjibu. Alikuwa mtu wa kunyamaza, mama yangu, akiitwa Mama Bosibori kwa jina la dada yetu mkubwa aliyekuwa ameolewa. Aliponyamaza ulidhani ameshindwa.

Basi jioni ya Jumatatu, redio ikasema jambo ambalo sijalisahau. Mtangazaji alisema kwamba kuna jiwe linalosafiri angani, kubwa kuliko kilima, lenye jina la Kiyunani ambalo yeye mwenyewe alilitamka kwa kujikwaa. Jiwe hilo hulizunguka jua, na Ijumaa usiku litapita jirani na dunia kuliko kawaida yake. Wataalamu wa nchi za mbali wanalifuatilia kwa darubini na mitambo yao. Hakuna hatari yoyote. Kisha akaingia kwenye bei ya kahawa.

Niliwageuzia wazee, neno kwa neno, na kwa haki kabisa. Mzee mmoja akatoa kiko kinywani.

"Jiwe la namna gani?" Baba Mdogo akauliza.

Hapo ndipo ilipoanzia. Redio haikusema ni jiwe la namna gani. Mkalimani mwenye heshima angejibu kwamba hajui. Lakini mimi nilikuwa nimesimama pale, macho ya wazee wote usoni kwangu, na "sijui" lilikuwa neno ambalo sikulipenda tangu utotoni. Tena, moyoni mwangu nilidhani najua. Mtoto wa milima ya Nyamira anajua aina moja tu ya jiwe litokalo juu. Alasiri wingu linageuka kijani upande wa Manga, kuku wanakimbilia uvunguni mwa ghala, na mara bati linapigwa kama ngoma. Mvua ya mawe ikikaa dakika kumi tu, majani ya chai yanabaki nyuzi, migomba inachanika, na wimbi linalala matopeni. Nami nilijua tabia yake: hupita kwa mkanda mwembamba, shamba la huyu likaisha na la jirani yake lisidondoshe hata jani. Nikafikiri: kama punje za mvua ya mawe ni vifaranga, basi jiwe kubwa kuliko kilima ndilo kuku mwenyewe. Na kuku gani hutembea bila vifaranga?

"Ni la mvua ya mawe," nikasema, kwa sauti ile ile ya mtangazaji. "Lile kubwa litapita juu. Madogo yake ndiyo yatakayoanguka."

"Redio imesema hivyo?"

"Imesema hivyo."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Ninajua. Ilikuwa tamu.

Kufikia Jumanne saa nne asubuhi kilima kizima kilikuwa na habari. Kisimani wanawake waliniuliza ukubwa wa mawe yenyewe. Nikaonyesha ngumi, halafu ngumi mbili. Shuleni nilizungukwa. Lakini watu ni watu: walisikia, wakashtuka, wakacheka, wakarudi shambani. Hakuna aliyekata chochote. Wimbi lilikuwa bado. Kila mtu alijua limebakiza majuma matatu au manne. Vichwa vyake vilikuwa vimekunja vidole lakini punje zilikuwa bado laini, ukiiminya moja inatoa maziwa.

Wimbi letu lilikuwa kipande kinachoteremka kutoka nyumbani hadi kijitoni. Ndilo lililokuwa ghala yetu. Chai mama alikuwa na mistari michache tu, na pareto ilitegemea jua. Wimbi ndilo lililokuwa uji wa asubuhi na ugali wa jioni kwa watoto wanne, na mbegu ya mwaka ujao, na zawadi ya kumpelekea dada akijifungua. Mama alilipalilia akiwa amepiga magoti, mstari kwa mstari, tangu mvua za kwanza.

Alhamisi jioni Baba Mdogo alikuja kwetu. Hakuingia ndani. Alisimama kwenye ukingo wa shamba, watu wakipita njiani kutoka kisimani, akaliangalia wimbi muda mrefu, mikono kiunoni.

"Mama Bosibori," akasema, "naona wimbi lako limesimama."

"Limesimama, shemeji."

"Kesho mawe yanakuja. Binti yako ametangaza."

"Nimesikia."

"Na hukukata." Akacheka, si kwa ubaya, Baba Mdogo hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyependa kushinda. "Unaona sasa? Hata wewe mama yake humwamini. Kama anayosoma yangekuwa ya kweli, ungekuwa hapo na kisu tangu Jumanne. Tunapoteza nini tukimpeleka Kericho?"

Mama aliinama, akang'oa gugu moja kwenye ukingo, akalitikisa udongo.

"Muhula unaisha lini?" akauliza.

"Wewe unajua."

"Haya, shemeji. Ulale salama."

Usiku huo nilikula kwa shida. Nilitaka kumwambia mama kwamba kipande cha mwisho cha habari kilikuwa changu, si cha redio. Lakini nilikuwa naogopa pande zote mbili. Mawe yakija na wimbi limesimama, tutalala njaa. Yasipokuja, mimi ni mwongo, na mwongo anakwenda Kericho kubeba watoto wa watu. Mama alinitazama juu ya moto, akaniongezea mboga ya chinsaga.

Ijumaa kwa Msabato ni siku ya maandalizi. Ninyi mliolelewa hivyo mnajua: maji yachotwe, kuni zipasuliwe, nguo zifuliwe, chakula cha kesho kipikwe leo, maana jua la Ijumaa likizama kazi imekwisha hadi jua la Jumamosi lizame. Nilitoka shule mchana nikamkuta mama ametandaza nguo zetu za kanisani juu ya ua kama Ijumaa yoyote. Alikuwa anaimba. Nilimwona akipika, akisafisha sufuria, akipaka sakafu mavi ya ng'ombe, bila haraka. Ilipofika kama saa nane alijifunga leso kiunoni, akachomoa kisu hiki darini, akasimama kwenye kichuguu kilicho nyuma ya nyumba na kupaza sauti kuita wenzake, sauti ambayo ilivuka bonde.

Walikuja wanawake saba wa kikundi chao cha kusaidiana shambani, kila mmoja na kisu chake na kikapu, wakidhani kuna msiba.

"Tunakata wimbi," mama akasema.

Kerubo, jirani yetu wa chini, mwanamke mwenye ulimi na miguu mirefu, aliminya kichwa kimoja cha wimbi akakiangalia kidole chake kilicholowa. "Mama Bosibori! Hili bado linanyonya!"

"Litanyonyea ghalani."

"Umelogwa?"

"Mtoto wangu amesema mawe yanakuja usiku."

"Mtoto wako ana miaka kumi na miwili."

"Na wewe una arobaini. Umewahi kusikia redio ikakwambia nini?"

Wakacheka wote, hata Kerubo, na wakainama. Sijaona tena wanawake wakikata namna ile. Wimbi halifyekwi, kila kichwa hukatwa peke yake, mkono wa kushoto unashika, wa kulia unapitisha kisu chini ya shingo, kichwa kinaanguka kikapuni. Sauti yake ni kama ng'ombe anayekula majani. Mimi nilibeba vikapu kupeleka uani, ambako mama alikuwa ametandika majani ya mgomba. Harufu ya mabua mabichi ilijaa kote, tamu na chungu pamoja. Habari zilivuma. Watu walikuja kusimama ukingoni kutazama. Baba Mdogo naye alikuja. Alisimama akaangalia vikapu vikipita, na safari hii hakucheka. Nilipita mbele yake na kikapu kichwani mara sita, shingo imenyooka.

Kila nilipopandisha macho niliangalia jua, na kila nilipoyateremsha niliangalia wimbi lililobaki. Jua lilikuwa linakwenda haraka kuliko visu. Walikuwa wamefika katikati ya mteremko, kwenye mti mmoja uliokuwa mpaka wa kipande cha juu na cha chini, mzee wa kanisa alipogonga kipande cha reli kilichoning'inizwa ng'ambo ya bonde. Kengele ya Sabato.

Mama alinyooka. Kisu chake kilikuwa tayari chini ya shingo ya kichwa kimoja. Akakiondoa, akakiacha kile kichwa kimesimama.

"Mama, bado nusu!" nikapiga kelele.

"Naona."

"Mawe yatakuja usiku! Nusu nzima!"

"Mimi ni Mkatoliki," Kerubo akasema, akijifuta jasho. "Jua langu halijazama. Niachie nimalizie hata mistari mitano."

"Wewe ni Mkatoliki," mama akamjibu, "lakini wimbi ni la Msabato." Akawashukuru wote, akashuka kijitoni kuosha mikono.

Nililia. Nililia hadi nikalala, nikiwa nimevaa nguo za shambani, kichwa juu ya magoti ya mama aliyekuwa akiimba wimbo wa kufungua Sabato kana kwamba dunia haina jiwe hata moja.

Nilipoamka palikuwa na jua. Nilitoka mbio. Umande ulikuwa umekaa juu ya kila kitu, mweupe na mtulivu. Hakuna jani lililotoboka. Nusu ya chini ya wimbi letu ilikuwa imesimama, vichwa vimeinama kidogo kwa uzito wa maji, na ndege walikuwa tayari wamefika. Nusu ya juu ilikuwa mabua matupu. Ng'ambo zote mbili za bonde, mashamba ya watu wote yalikuwa mazima.

Mnaweza kukisia kanisani palikuwaje. Watoto walinirushia vijiwe vidogo miguuni na kukimbia wakipiga kelele, "Yameanza! Yameanza!" Mama mmoja aliniuliza kama ajifunike kichwa kwa sufuria. Baada ya ibada Baba Mdogo alitungoja kando ya mlango, suti yake ya kahawia, kofia mkononi.

"Mkalimani," akasema polepole, "jiwe liko wapi?"

Mama ndiye aliyejibu. "Ni Sabato, shemeji. Mambo ya redio tutayasikia jua likizama."

Na kweli, redio ya Baba Mdogo haikuguswa siku ya Sabato. Uani kwake jioni ile walikuja watu wengi kuliko siku yoyote, na mama alikuja pia, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Safari hii sikuitwa kusimama kando ya redio. Baba Mdogo alikuwa amemleta mwalimu wetu, kijana aliyesomea upande wa Nyanchwa, mwenye kalamu mbili mfukoni. Nilikaa chini nyuma ya mama, nikashika ncha ya leso yake.

Mtangazaji alisema maneno machache tu. Mwalimu akasikiliza, akageuka. "Anasema lile jiwe limepita jana usiku, kama ilivyotarajiwa. Lilipita mbali sana. Mbali kuliko mwezi, mara nyingi. Wataalamu walilifuatilia njia nzima."

"Mbali kuliko mwezi!" Baba Mdogo akapiga paja. Watu wakaangua kicheko.

Mama akangoja kicheko kiishe. "Mwalimu," akasema, "limepita siku gani?"

"Jana, mama. Ijumaa."

"Mtoto alisema siku gani?"

"Alisema Ijumaa," akasema mzee mwenye kiko.

"Kwa hiyo jiwe lipo."

"Lipo," mwalimu akasema.

"Na limepita."

"Limepita."

"Lakini mvua ya mawe!" Baba Mdogo akasimama. "Mwalimu, hebu tuambie, redio ilisema neno lolote la mvua ya mawe?"

Mwalimu alinitazama. Alikuwa mtu mwema. Niliona anatafuta pa kupitia. Lakini kabla hajafungua kinywa, mama alikuwa ameshasema, kwa sauti yake ile ya chini iliyowafanya watu wainame ili wasikie.

"Hilo la mvua ya mawe mtoto amekosea. Siku ni ya kweli, jiwe ni la kweli, kosa ni hilo moja. Nami kwa kumwamini nimekata nusu ya wimbi langu, na uji wake nitaunywa mimi, si nyinyi. Sasa niulize, shemeji. Wewe ulikuwa mpishi. Kijana wa jikoni akiunguza ugali mara moja, ulimfukuza, au ulimrudisha kwenye moto ajifunze?"

Baba Mdogo akaketi tena.

"Mkalimani aliyekosea anarudishwa darasani," mama akamaliza. "Sijasikia wapi anapelekwa Kericho."

Mzee mwenye kiko ndiye aliyecheka kwanza, halafu wengine, na mwisho Baba Mdogo mwenyewe, maana alikuwa mtu aliyejua kucheka hata akishindwa. Habari za Kericho hazikutajwa tena. Muhula ulipoisha, ukaanza mwingine, nami nilikuwa dawatini.

Lile wimbi bichi mama alilirundika uani, akalifunika kwa majani ya mgomba na mawe juu, likae joto liive kwa jasho lake, kama ilivyo desturi hata kwa wimbi lililokomaa. Liliiva kwa namna yake. Punje zilikuwa nyembamba, unga wake ulikuwa wa kijivu, na uji wake haukutaka kushika. Ndugu zangu waliuita uji wa jiwe. Kila asubuhi kwa miezi kadhaa nilimiminiwa bakuli, nikanywa bila kuinua macho. Nusu ya chini, ile ambayo Sabato iliiokoa, ilikomaa vizuri. Ndiyo iliyojaza ghala na kutoa mbegu.

Yaliyofuata mengi mnayajua, na asiyejua aulize Nyamira yote. Nilipita mtihani wa darasa la saba nikiwa wa kwanza katika shule yetu. Nilipata sekondari. Nilivuka bahari kwa ndege nikiwa na sanduku la mbao, na huko, kwenye baridi ambayo sitaieleza leo, nilipata stashahada ya upimaji. Iko sebuleni, kwenye fremu, juu ya kabati. Mgeni haingii bila kuiona. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, hakuna mbunge aliyeniandikia barua. Nimejijenga mwenyewe, matofali kwa matofali, nami husema hivyo kwenye harambee na kwenye mazishi.

Na mimi, msichana wa mvua ya mawe, nikaajiriwa mahali panapopima mawe ya angani. Kazi yetu ilikuwa hivi. Darubini ilipiga picha ya kipande kile kile cha anga mara mbili, kwenye sahani za kioo. Uliziweka sahani mbili kwenye mtambo, ukazitazama kwa zamu, hii, ile, hii, ile. Nyota hazisogei. Kitu kilichosogea ndicho unachokitafuta. Ukakipima, ukaandika, na watu wa hesabu wakajua njia yake na siku kitakapopita. Nilifanya kazi hiyo miaka mingi, na nilikuwa hodari. Macho yaliyochambua mawe kwenye wimbi hayashindwi na vumbi la nyota. Siku moja waliniletea sahani, nikaona kistari chembamba kama unywele wa mtoto, nikasoma jina la Kiyunani pembeni. Lilikuwa lenyewe. Nilikaa nalo hadi wenzangu walipokwenda kula. Nilikunywa uji kwa ajili yako, nikaliambia, kwa Ekegusii.

Mawe ya namna hiyo hurudi. Hili letu lilirudi tena jirani na dunia karibu miaka hamsini baada ya ile Ijumaa, nami nilikuwa nimeshastaafu na kurejea nyumbani, mama akiwa hai, mdogo kama ndege, akiota jua kwenye veranda yangu. Palipokuwa na wimbi sasa ni chai hadi kijitoni. Nilimwambia, "Mama, lile jiwe linapita wiki hii."

"Lipi?"

"La uji."

Alicheka hadi akakohoa. Tukakaa. Nami nikaona ni wakati wa kulitua lile nililobeba. Nikamwambia kwamba mvua ya mawe niliiongeza mimi, redio haikusema. Kwamba nilijua hivyo wakati anakata.

"Nilijua," akasema.

"Ulijuaje? Hukujua Kiswahili."

"Kiswahili sikukijua. Wewe nilikujua. Ulipokuwa unageuza ya redio uliangalia chini. Ulipofika kwenye mawe madogo uliinua kidevu, Nyakundi mwenyewe alinisimulia na kuniigizia." Akavuta blanketi. "Na mvua ya mawe naijua, mwanangu. Naisikia magotini. Tangu lini ikatangazwa redioni siku nne kabla?"

"Basi kwa nini ulikata?"

Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto wa darasa la sita. "Nyakundi alisema mama yako hakuamini. Watu wote walimsikia. Ningeliacha lile wimbi limesimama, nani angekusikiliza tena?"

Nikatazama chai. "Ungeweza kulipoteza shamba zima," nikasema hatimaye.

"Zima?" Mama akashangaa kweli. "Nilianza saa ngapi?"

"Saa nane. Ulikuwa unapika, unafua, maandalizi..."

"Siku gani?"

"Ijumaa," nikasema, na palepale nikaisikia ile kengele.

"Wanawake saba, visu vyao navijua kimoja kimoja, Kerubo na maneno yake," akasema. "Kutoka saa nane hadi kengele wangefika kwenye ule mti. Ningewaita asubuhi wangemaliza. Ningewaita jioni Nyakundi angesema ni mchezo." Akafumba macho, jua usoni. "Wewe ndiye mpimaji. Hukuwahi kupima hilo?"

Nina stashahada, na miaka ishirini na sita ya kazi, na sikuwahi.

Baada ya muda nilidhani amelala. Kisha akauliza, macho yamefumbwa bado, jiwe litarudi lini tena. Nikamwambia: hivi jirani, si kabla ya miaka ishirini na kitu.

"Zamu hiyo sitaweza," akasema. "Hiyo utakata wewe. Kisu kiko darini."

Jana nilikinoa.